Kama Ziwa Lilivyolitoa

Stephania alimjibu Kasiani akiwa ameinamia cherehani yake, wala hakuinua uso.

"Mimi si mke na si mjane," alisema. "Nifanye kimoja kati ya hivyo viwili, Mzee Kasiani, halafu tuzungumze habari za ndoa."

Kasiani alikunjakunja kofia yake asijue pa kuiweka. Alikuwa mgane wa miaka sita, mtu wa miaka hamsini na sita, fundi aliyestaafu karakana ya reli, na katika mwezi ule mmoja alikuwa ametoka kwake Buzebazeba kwenda Ujiji mara nne kuitengeneza cherehani ambayo haikuwa na ubovu wowote. Mtaa mzima ulishajua. Yeye peke yake ndiye aliyedhani amejificha, na majirani kwa heshima wakamwacha adhani hivyo.

Mume wa Stephania aliitwa Selestini, Mbembe ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Fizi, upande wa Kongo. Alikuwa dereva wa trekta dogo la bustani, mali ya Mgiriki mmoja aliyelima mboga kule bondeni Luiche. Lilikuwa trekta la magurudumu mawili tu, halina kiti. Dereva hutembea nyuma yake ameshika mikono miwili mirefu ya chuma. Injini yake ilikuwa na kilema ambacho hakuna aliyewahi kukiponya. Ilipiga mara tatu, ikaruka pigo moja, ikapiga tena mara tatu. Jioni Selestini alirudi nalo nyumbani, na Stephania akiusikia mlio ule ukipanda kutoka bondeni, ndipo alipobandika sufuria. Trekta lilishamla Selestini kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, naye alikuwa akicheka na kusema kwamba sasa wamechanjiana damu, wamekuwa ndugu.

Mwaka 1963 ziwa likapanda. Watu wazima wa Ujiji wanaukumbuka mwaka ule, jinsi maji yalivyoingia mashambani, kisha majumbani, pasipo haraka yoyote. Selestini aliliacha trekta bondeni usiku mmoja tu, na asubuhi akateremka kwenda kulitoa. Hakurudi, na trekta halikuonekana. Mgiriki akauza kilichobaki, akaenda zake.

Sasa hapo ndipo penye shida ya Kasiani. Katika ukoo wa Selestini, mtu akifia mbali nchi kavu na maiti isipatikane, huzikwa mgomba badala yake, matanga yakaanuliwa, watu wakaendelea na maisha. Lakini aliyechukuliwa na ziwa hazikiwi mgomba. Husubiriwa mpaka ziwa lirudishe kitu alichokishika kwa mikono yake, kiwe kiatu au kasia, na hicho ndicho huzikwa. Mwenye kushika jambo hilo alikuwa Rahabu, dada mkubwa wa marehemu, na Rahabu hakuwa mwanamke wa kulegeza kitu. Kwa hiyo miaka kumi na miwili Stephania alilala bila kukomea mlango, na kila jioni alipakua sahani mbili. Majirani walishazoea. Kasiani alishindwa kuizoea ile sahani ya pili. Ilimuuma kila alipoiona.

Basi mwezi wa nane wa mwaka 1975, maji yakiwa yamerudi nyuma sana, mvuvi mmoja, Dismasi, alikwenda kuanika nyavu pembezoni mwa bonde akaona mikono miwili ya chuma imechomoza kwenye tope. Aliacha nyavu palepale, akakimbia.

Rahabu aliletwa akitembelea fimbo. Alifuta tope kwa kidole gumba kwenye mpira wa mkono wa kushoto wa trekta. Mpira ulikuwa umelika kwa kushikwa: kidole, kidole, kidole, kisha mahali palipobaki pazima pasipo alama. Mama yule alilia kwa sauti, akamaliza, akajifuta, akageuka kuwa msimamizi.

"Jumamosi ya tatu kutoka leo tunamzika ndugu yangu. Tungoje wa ng'ambo wavuke," alisema. "Fundi, wewe una banda lenye kufuli, likae kwako. Lakini nisikilize vizuri. Likae kama ziwa lilivyolitoa. Na tope lake, na kutu yake. Hilo si trekta tena."

"Nimesikia, mama," alisema Kasiani.

Na kweli alikuwa amesikia. Furaha ilimjaa hata akausukuma mkokoteni yeye mwenyewe, pamoja na Leodgar mwenye mkokoteni wake, mpaka Buzebazeba bila kupumzika. Jumamosi tatu tu, na Stephania angekuwa mjane. Mjane huolewa.

Sitamtetea. Ahadi aliitoa kwa kinywa chake mwenyewe, na mashahidi walikuwepo. Siku ya kwanza alilifunika turubai. Siku ya pili alilifunua kuangalia kama turubai halijachanika. Siku ya tatu alifuta tope kwenye plagi, plagi tu, akaapa moyoni kwamba ni hapohapo. Lakini mikono iliyofanya kazi ya vyuma miaka thelathini haijui kukaa karibu na chuma kibovu ikatulia. Hadi mwisho wa juma pistoni ilikuwa imelowekwa kwenye mafuta ya taa, na kabureta imelala vipandevipande juu ya gunia.

"Namwosha marehemu," alijiambia. "Nani huzikwa mchafu?"

Tope lile laini lilikuwa limelihifadhi trekta vizuri kuliko alivyotegemea. Kutu ilikuwa ya juujuu. Alisugua kwa msasa, akapaka grisi, na kila nati iliyolegea ilimfurahisha. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza, nayo ilipata mtu wa kuichochea. Bwana shamba Polycarp, kijana wa Bukoba aliyehamishiwa Kigoma mwaka ule, alipita siku moja mchana akachungulia bandani.

"Shikamoo, Mzee. Naambiwa hili mnataka kulizika?" Alicheka mpaka akashika kizingiti. "Nchi nzima inaimba kilimo cha kufa na kupona, ninyi mnafukia trekta!"

Kesho yake alirudi na galoni ya petroli, kitu adimu siku zile. Alipoondoka, Kasiani alikuwa ameshafanya shauri. Angezika ile mikono miwili tu, maana ndiyo Selestini aliyoishika. Trekta lenyewe angelifungia mikono mipya ya bomba, akalime shamba la Stephania, mama wa watu asishike tena jembe. Rahabu angefoka, kisha angepoa. Ni mapenzi yaliyomtuma, na mimi hilo namwamini, ila mapenzi hayakumfungua masikio.

Kwa maana dalili alipewa.

Alilikausha tenki la mafuta juani, akalipuliza, akalifunga kwa kifuniko chenye mpira mpya. Asubuhi alipolifungua lilikuwa limejaa maji. Aliyanusa: ziwa. Akayamwaga, akalikausha upya, akaling'oa kabisa na kulitundika ukutani. Asubuhi ya pili lilikuwa limejaa tena, na alipolimimina kwenye karai, dagaa mmoja aliteleza pamoja na maji. Alikuwa mzima, anaruka. Kasiani alimtazama mpaka alipokufa. Halafu akasema kwa sauti, bandani peke yake, kwamba tenki lina tundu na umande wa mwezi wa tisa ni mwingi.

Umande wenye dagaa! Lakini mtu akitaka kuendelea, atapata tu la kujiambia.

Spana zake alizipanga siku zote kwa saizi, ndogo mwanzo, kubwa mwisho. Ni tabia ya karakana. Alikwenda Mwandiga kutafuta kiraka cha tairi, akafunga banda na funguo akaondoka nazo mfukoni. Aliporudi spana zote zilikuwa mahali pake isipokuwa ile ya namba kumi na nne. Hiyo ilikuwa imewekwa juu ya injini, imekaa kwenye nati ya magneti, kile kifaa cha kutoa cheche, nati aliyokusudia kuanza nayo mchana ule. Ilikuwa imelowa. Kasiani aliogopa. Hata hivyo aliishika ile spana na kuigeuza, kwa sababu nati ilikuwa kweli ni ile.

Jambo la mwisho lilikuwa mikono. Ijumaa, mkesha wa mazishi, alitaka kuifungua ili afunge ya bomba, lakini boliti zake hazikukubali, ingawa boliti nyingine zote zilikuwa zimekubali. Alijaribu angalau kuukata ule mpira wa kushoto. Kisu kikateleza kikamchana kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kwenye kiungo. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, hata damu haikutoka ya maana. Ila tangu hapo kidole kilikufa ganzi, akawa anakiona tu bila kukihisi. Akasema basi, kesho nitalipeleka hivihivi lilivyo. Na akalia kidogo, kwa uchovu na kwa aibu, maana halikuwa tena kama lilivyo. Lilikuwa linang'aa.

Jumamosi asubuhi Leodgar alikuja na mkokoteni. Kasiani alikuwa amevaa shati jeupe la mazishi, na juu yake ovaroli ya karakana ili asichafuke. Kwenye mfuko wa kifua palikuwa na jina lake, Kasiani, lililodarizwa kwa uzi mwekundu na marehemu mke wake, Bibiana.

"Ngoja kwanza," alimwambia Leodgar. "Niisikie injini mara moja tu. Halafu tunalipakia."

Alivuta kamba ya kuwashia. Injini ilishika kwa mvuto wa kwanza, jambo ambalo injini iliyolala miaka kumi na miwili haifanyi, na ilipiga sawasawa, bila kuruka, kama alivyoitengeneza. Kasiani alicheka kwa sauti kama mtoto. Alishika mikono ili ahisi mtetemo. Trekta likaanza kwenda.

Alibana klachi, halikusimama. Alichomoa waya wa plagi na kuutupa, na Leodgar aliuona waya umelala mchangani huku injini ikiendelea kunguruma. Leodgar alifanya ishara ya msalaba. Kasiani angeweza kuiachia mikono, na baadaye alijiuliza sana kwa nini hakuiachia. Vidole vyake vilikuwa vimekaa kwenye alama za mpira, kidole, kidole, kidole, na kile cha mwisho kilikuwa hakihitaji mahali. Alitembea nyuma ya trekta. Leodgar alimfuata kwa mbali na mkokoteni mtupu.

Walishika njia ya Ujiji. Ilikuwa saa tatu, jua limewaka, watu wako kwenye shughuli zao. Bibi mmoja wa Kiha aliyekuwa anaanua mihogo alijikinga macho kwa kiganja.

"Mwakeye, Selestini!" alimwamkia kwa sauti, akarudi kwenye mihogo yake. Alikuwa haoni vizuri, kila mtu alijua hivyo. Kasiani alitaka kumsahihisha lakini mlio ulimzidi.

Walipokata kona ya kuteremkia kwa Stephania, mlio ulibadilika. Pigo, pigo, pigo, kimya. Pigo, pigo, pigo, kimya. Kasiani aliinama asikilize vizuri. Aliijua injini ile kila kipande, na hapakuwa na kitu ndani yake cha kuifanya iruke.

Uani kwa Stephania shimo lilikuwa tayari, refu la kumtosha mtu. Katekista alikuwa ameshaliombea. Wanaume walisimama na makoleo, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na katikati yao Stephania, amejifunika kaniki mpaka kwenye paji. Mlio ulipofika uani hakuna aliyesogea. Stephania alisimama. Aliivua kaniki kichwani, akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, akampa mwanamke aliyekaa karibu naye.

"Jamani," alisema, "moto umezimika jikoni na mimi nimekaa tu."

Akaingia jikoni haraka. Moshi ukaanza kutoka.

Kasiani aliiachia mikono, na injini ikazima palepale. Mara Stephania alirudi na bakuli la maji na kitambaa begani, akapiga goti mbele yake, akaanza kumwosha mikono. Uso wake ulikuwa umefunguka. Kasiani alikuwa ameutafuta uso huo mara nne kwa kisingizio cha cherehani na hakuwahi kuupata. Sasa ulikuwa unamtazama yeye, na haukuwa wake. Stephania alipofika mkono wa kushoto alikikunja kile kidole cha mwisho ndani ya kiganja, taratibu, akaosha vilivyobaki.

"Umechelewa leo, Selestini," alisema kwa upole, akarudi jikoni.

Rahabu alikuja kwa fimbo yake akasimama karibu kabisa. Hakupaza sauti.

"Nilikuambia likae kama ziwa lilivyolitoa."

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Mtaa mzima unajua." Alitazama moshi wa jikoni. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa kavu. "Ulipewa mfu utuletee, wewe umempa pumzi. Sasa sikiliza. Shimo limechimbwa na limeombewa, haliwezi kufukiwa tupu. Leo lazima limpate mtu. Ukiniambia wewe ni Kasiani, nitamwita wifi yangu hapa, nitamwambia mumewe amekufa, na trekta litaingia shimoni anaona. Amengoja miaka kumi na miwili na amempata sasa hivi. Sidhani ataifikia mvua ya kwanza. Ukiniambia wewe ni yule mwingine..."

Kasiani alilitazama shimo. Alimkumbuka Stephania akiinamia cherehani: nifanye kimoja kati ya hivyo viwili. Alikuwa amemfanya mke. Alitaka kusema jina lake, alilipata hadi kwenye ulimi, na lilikuwa na ladha ya maji ya ziwa.

"Selestini!" Stephania aliita kutoka jikoni, kwa sauti changa ambayo hata Rahabu alikuwa ameisahau. "Nina migebuka. Nikaange au nichemshe?"

Watu wote walimgeukia Kasiani. Leodgar, kule kwenye lango, alitikisa kichwa: usiitike, mzee, usiitike. Yule mwanamke wa kaniki aliibana kaniki kifuani. Kasiani alikuwa anampenda Stephania kwa moyo wake wote, nalo ndilo lililokuwa limebaki la hakika katika mambo yake yote.

"Chemsha," aliitikia.

Rahabu alifumba macho, akayafumbua. Alinyoosha mkono.

"Vua hiyo."

Kasiani alivua ovaroli. Rahabu aliikunja jina likiwa juu, akapiga magoti kwa shida, akailaza chini shimoni. Katekista, mtu mzima aliyekwisha kuona mengi, aliuliza kwa sauti ya chini jina la marehemu, kwa sababu sala inalihitaji.

"Kasiani," alisema Rahabu.

Wakamwombea. Koleo la kwanza lilipoanguka, Kasiani alihisi baridi kifuani, mahali ambapo mfuko ulikuwa. La pili likaanguka, na la tatu. Leodgar alikuja akarusha konzi yake ya udongo bila kumtazama, akachukua mkokoteni wake akapanda njia ya Buzebazeba kwenda kuwaambia majirani. Trekta lilikuwa limesimama uani, limeanza kuvuja maji kwenye tenki, tone kwa tone, mpaka mchanga chini yake ukalowa.

Stephania aliita kwamba chakula tayari. Yule mwanamume aliyevua ovaroli aliingia ndani, akakaa pale alipooneshwa, akala. Sahani zilikuwa mbili, na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1963, Stephania alikomea mlango.